Nitajuaje kama naongea vizuri mbele ya watu?

SWALI: Shikamoo anti. Mi ni katibu wa kikoba chetu huku Morogoro, nasoma ripoti kila mkutano mkuu na mwezi wa 12 tukivunja kikoba naongea mbele ya wageni kabisa. Nikimaliza wanapiga makofi, eti umeongea vizuri, ila mi nahisi nimetetemeka mwanzo mwisho, koo limekauka, hata nilichosema sikikumbuki. Sasa niwaamini wao au nijiamini mimi? Nataka kujua wapi niko vizuri na wapi nimelegea.
Katibu, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwa hili usimuamini yeyote. Makofi ni adabu tu, nani atamwambia katibu wake mbele ya wageni kwamba kaboronga? Na wewe unapima moyo unavyodunda, kitu ambacho aliyekaa nyuma hakioni kabisa.

Mwombe mwenzio akurekodi video kwa simu akiwa amekaa nyuma kabisa, ili ujue na sauti inafika wapi. Usiiangalie siku hiyohiyo. Ukiifungua, kwanza laza simu kifudifudi usikilize tu, na utaichukia sauti yako, wengi wetu tunaichukia, kwa sababu ukiongea unajisikia kupitia hewani na pia kupitia mifupa ya kichwa inayoongeza besi, rekodi inachukua ya hewani peke yake, ambayo ndo wenzio wanaisikia siku zote, kwahiyo hilo liache. We sikiliza kasi, wapi unameza maneno, na hesabu "yaani" na "eeeh" zako. Kwenye vilabu vya Toastmasters, vya watu wanaojifunza kuongea mbele za watu, kuna mtu anapewa kazi hiyo ya kuhesabu tu, mwingine anashika saa, mwingine anakupa tathmini palepale. Halafu rudia bila sauti, uangalie macho yako yako wapi, kwa watu au kwenye karatasi.

Ila kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni hiki: baada ya siku mbili tatu waulize wanachama wawili, usiwaulize "niliongeaje", waulize hisa moja imezaa shilingi ngapi na nani bado anadaiwa mkopo. Wakishindwa kujibu, basi tatizo liko kwenye ripoti, sauti yako haina kosa, na hapa wengi wanapotea, wanahangaika na maiki wakati habari yenyewe haikueleweka. Mwalimu Nyerere mwaka 1978 alipotangaza vita na Idi Amin alitaja vitu vitatu, uwezo, sababu na nia, kwa sentensi fupi zinazofanana, na mpaka leo watu wanazo kichwani. Ripoti yako ina tarakimu ngapi? Chagua tatu za kusema, zingine wagawie kwenye karatasi.

Na uzuri wako uutafute kwa bidii ileile, maana najua utaandika makosa ukurasa mzima. Tafuta kwenye video pale watu walipoinua vichwa au kucheka, uone ulikuwa unafanya nini. Nahisi utakuta uliacha karatasi ukaeleza kwa maneno yako. Hapo ndo nguvu yako ilipo, iongeze.

Kwenye makosa chagua moja tu la kurekebisha kabla ya mwezi wa 12. Sentensi mbili za kwanza zishike kwa moyo, maana woga unabana zaidi pale mwanzoni, na maji yawe karibu. Ukishawauliza wale wawili niandikie wamejibu nini.