Dogo, mkono wenye sarafu usiutolee macho

Jumamosi niko kijiweni Ngamiani, hapa Tanga, nanywa kahawa, vijana wawili wanafanya kiini macho na sarafu ya mia mbili, na vidole vyao jamani ni vyepesi kuliko vyangu nilipokuwa na umri wao, ila katoto ka miaka saba kakasema "iko mkono ule" na kweli ilikuwa huko. Roho iliniuma. Makosa ni yale yale, miaka nenda rudi, sasa acha niseme.

1. Ukijifanya umehamisha sarafu kwenda kushoto, na wewe amini imehama. Tazama kushoto. Wa kulia unaoficha uachie ulegee, ushike kikombe, ukune shingo. Yule dogo aliyeshika sarafu Jumamosi, gumba lake lilikuwa limebana kama limeingia mwiba na macho yake yako huko huko, sasa unategemea watu watazame wapi?

2. Ukiambiwa rudia, usirudie. Mara ya pili wanajua pa kutazama. Najua mtaniletea habari za Dai Vernon, fundi wa karata, kumrudia Houdini, yule mwanamazingaombwe maarufu, triki moja ya karata pale Chicago mwaka 1922 na Houdini asiing'amue. Haya, Vernon alishika karata tangu mtoto mdogo, nyie mna wiki tatu.

3. Azima vitu vya watu, pete, kibiriti, vikombe vya kahawa. Na zijueni sarafu zenu: hamsini ina pembe saba, zinashika ngozi ya kiganja vizuri, ya mia tano yenye nyati inanasa sumaku.

4. Hii ya nne ndo hasa.

Mwaka 2015 sarafu ya mia tano bado ngeni mtaani, nikatengeneza triki, mia inakuwa mia mbili, mia mbili inakuwa mia tano, zote mkononi mwa mtazamaji. Kijiwe kizima kinasimama. Watu wakaanza kuulizana, huyu ana jini? Na mimi nikawa nanyamaza, natabasamu tu. Nilipenda mno kuulizwa vile, na Tanga yetu mnaijua, neno kama hilo halilali.

Kulikuwa na mama anauza mihogo ya kukaanga pale pembeni, ananitazama kila siku hasemi kitu. Jioni moja kanifuata mpaka mlangoni, akafungua fundo la kanga, noti za elfu moja na elfu mbili zimekunjwa zikawa ndogo kama vidonge, elfu themanini, hela ya mchezo wa upatu. "Mwanangu, nifanyie na mimi. Zifike tu laki mbili, mtoto aende shule." Nikamwambia mama, ni vidole hivi, hamna kitu kingine. Nikatoa sarafu nikamwonyesha pole pole inapojificha, hakuitazama hata, anatazama uso wangu. "Unaninyima. Hewala, baba." Akafunga fundo lake.

Wiki mbili baadaye nikasikia kampelekea mtu mwingine anayezalisha hela, na huyo mtu kaondoka nazo zote. Sikula senti yake, lakini aliyemfanya aamini hela inazaliana ni mimi, kwa kunyamaza kule. Mpaka leo nikienda kununua mihogo ananizidishia kipande, pilipili ananiwekea mwenyewe, hajawahi kunitajia.

Kwa hiyo wadogo zangu, ukiulizwa una jini, jibu palepale, mbele ya watu wote: sina, ni mazoezi. Nimefanya hivyo miaka yote tangu siku ile na hakuna aliyewahi kuondoka, ndo kwanza wanasogeza viti.

5. Kateni kucha. Na mkifanya mazoezi kwenye kioo angalieni msiwe mnapepesa macho pale pale sarafu inapojificha, maana mtajidanganya wenyewe, jirekodini na simu ndo mtaona.

Dogo wa Jumamosi, mkono unao. Njoo na ile ile mia mbili baada ya magharibi nikuonyeshe kulegeza gumba, kahawa na kashata nalipa mimi.