Maswali Yenu: Kijerumani cha karatasi na cha mdomo

SWALI: Nasoma Kijerumani chuo kikuu, mwaka wa pili. Karatasi ya kufasiri kwenda Kiingereza hunimaliza: maneno nayajua, sentensi hazitoki. Na nikikutana na Mjerumani ufuoni Bamburi, ulimi hukwama. Nianzie wapi? – Mwanafunzi, Kisauni

JIBU: Anzia kwenye vitenzi. Wengi hufasiri neno moja moja tangu kushoto, ilhali Kijerumani hupenda kuficha kipande cha kitenzi mwishoni. Tazama: „Er stellte den neuen Direktor gestern den Gästen vor“ (jana alimtambulisha mkurugenzi mpya kwa wageni). Ukikimbilia „stellte“ (aliweka) utaandika kwamba mkurugenzi aliwekwa mahali fulani, ni ile „vor“ ya mwisho inayoleta maana ya kutambulisha. Soma aya nzima mara mbili kabla ya kuandika chochote, kisha pigia mstari kila kitenzi pamoja na kipande chake. Ukiona „dass“ (kwamba), „weil“ (kwa sababu) au „obwohl“ (ingawa), ruka hadi mwisho wa kishazi, kitenzi kimejibanza huko.

Halafu tafuta kiima, yaani mtenda, wala usiamini mpangilio wa maneno. „Den Kellner sucht die Frau“: anayetafuta ni mwanamke, kwa sababu „den“ imeshamfanya mhudumu kuwa mtendwa. Nomino za Kiingereza hazina alama hiyo, basi upange upya: “The woman is looking for the waiter.” Ukiufuata mpangilio wa Kijerumani, umegeuza nani anamtafuta nani, na hapo ndipo alama humwagika.

Maneno marefu yasikutishe. Yasome kutoka nyuma: Hotelzimmerschlüssel ni ufunguo wa chumba cha hoteli, mfuatano wetu uliopinduliwa tu.

Mitego mingine ni midogo ila inauma. „Seit“ (tangu) hufuatana na wakati uliopo, lakini „Ich wohne seit drei Jahren in Mombasa“ ni “I have lived in Mombasa for three years”. Magazetini, „er sei“ (eti yeye ni) na „er habe“ (eti ana) huonyesha kwamba mwandishi anaripoti maneno ya mtu, hayathibitishi, tafsiri yako isiyageuze kuwa ukweli wake. „Billion“ ni trilioni, bilioni ni „Milliarde“. Na „halb acht“ ni saa moja unusu, si saa mbili unusu.

Kuzungumza kunataka zoezi jingine. Deutsche Welle, shirika la utangazaji la Ujerumani, hutoa habari zinazosomwa polepole, pamoja na maandishi yake. Sikiliza sentensi moja, isimamishe, irudie kwa sauti, ujirekodi kwa simu. Kisha eleza habari hiyo kwa dakika mbili ukitumia „habe gemacht“ (nilifanya) na „bin gegangen“ (nilienda), kwa kuwa mazungumzoni wakati uliopita huenda hivyo zaidi. Wauzaji wa ufuoni wana ujasiri unaoukosa wewe, uige huo, lakini „du“ yao, yaani „wewe“ ya marafiki, usimpelekee mhadhiri. Yeye ni „Sie“, ya heshima.

Zoezi linalounganisha yote mawili: tafsiri yako ya Kiingereza iweke kando, kesho yake irudishe kwenye Kijerumani bila kuchungulia, ulinganishe na matini asilia. Makosa ya viambishi hujitokeza yenyewe.

SWALI: Cheti cha B1 (Kijerumani cha kiwango cha kati) cha Goethe-Institut, taasisi ya lugha na utamaduni ya Ujerumani, kitanisaidia kwenye tafsiri? – Msomaji, Likoni

JIBU: Si sana. Mtihani una sehemu nne: kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza, na kila moja hupita kwa alama 60 kati ya 100. Swali la kufasiri halimo. Ukianguka sehemu moja, unaweza kurudia hiyo peke yake.