Kabla hujanunua nyumba kwenye mji wa wazee nje ya Phoenix, nisikilize kwanza

Kuna dada kaniandikia wasap, yuko Ohio, amechoka na theluji na amechoka kugeuza wagonjwa, kasikia tumenunua nyumba Sun City, huo mji wa wazee huku Arizona, anauliza ni kweli ni bei rahisi au watu wanaongeza chumvi. Nikaanza kumjibu kwa voisi, ikawa ndefu mno, nikaona bora niandike maana mko wengi mnaowaza hivyohivyo, hasa sisi tulioanza kubeba boksi miaka ya 90 na sasa magoti yanatudai.

Kwanza nimenunua na naringa kidogo, niacheni. Nimeosha wazee wa watu miaka mingi, na mimi sasa nataka pa kuzeekea.

Mume wangu alitaka turudi nyumbani. Tuna kiwanja Mapinga, kipo kwa jina la mdogo wake, kina msingi na majani yamenifika kiunoni. Sikumkatalia, nilimuuliza tu insulini yako nani atalipa? Sisi tulishachukua uraia wa huku, pensheni ya Social Security itatufuata hata Bagamoyo, lakini Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, haivuki bahari, ukitoka nje ya Marekani karibu kila kitu ni mfuko wako. Akanyamaza, akawasha mpira.

Basi tukaanza na vya bei chee. Upande wa mashariki, kule Apache Junction, kuna maeneo mengi ya matrela, yaani nyumba za kiwandani zinazoweza kuhamishwa, ya wazee wa miaka 55 kwenda juu. Ukiona picha utasema umeokota dodo chini ya mnazi, vyumba viwili, kibaraza, bwawa la kuogelea la wote, bei haifiki hata ya Toyota mpya. Dalali anaongea kama redio. Alipoingia ndani kupokea simu, mzee wa jirani, yuko na fulana ya ndani na mpira wa kumwagilia mkononi, akatuita kwa kidole. Akatoa barua kwenye mfuko wa kaptula, imekunjwa mpaka imechakaa, akasema someni. Kodi ya kiwanja inapanda tena Januari. Yaani trela ni lako lakini ardhi iliyo chini yake ni ya mwenye eneo, unamlipa kila mwezi mpaka ufe, na yeye anapandisha. Mzee anasema kulihamisha gharama yake inazidi thamani ya trela lenyewe, kuliuza nani atanunua na kodi hiyo? Dalali alivyotoka tukamshukuru, tukaondoka.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, piga hesabu ya kila mwezi, achana na bei ya kununulia. Na ushauri wa pili karibu ni huohuo, piga hesabu ya kila mwezi kwa kipato cha mtu mmoja, maana mmoja wenu atatangulia.

Sun City yenyewe ni ya siku nyingi, mjenzi mmoja aitwaye Del Webb aliifungua tarehe 1 Januari 1960, na nyumba nyingi ni za miaka ya 60 na 70, ndo maana bei yake hata nusu ya Scottsdale, mji wa wenye pesa karibu na Phoenix, haifiki. Ardhi ni yako. Haina meya, haina kodi ya mji, na haimo kwenye wilaya ya shule, yaani eneo ambalo wenye nyumba wanakatwa kodi ya kuendesha shule, kwa hiyo kodi ya nyumba ni ndogo. (Hiyo ya shule inanikera, wazee wa zamani walikuwa wanapiga kura ya hapana kila shule zikiomba pesa mpaka wakatolewa wilayani. Mimi niliyesomeshwa kwa michango ya ukoo mzima nafaidi ukaidi wao, haya, nitafanyaje.) Unalipa ada ya mwaka ya vituo vya burudani, viko 7, na siku ya kununua kuna ada ya mara moja ya maelfu ya dola ambayo dalali wetu aliitaja mwishoni kabisa, mdomo nusu. Zile nyumba za kupakana ukuta zina ada nyingine tena ya mwezi. Uliza zote, andika zote, jumlisha.

Mambo ya benki nayaruka, kila mtu ana yake.

Sasa kilichotuuma. Mtoto wa dada yake mume wangu ana miaka 16, mpango wa ukoo ulikuwa aje akae kwetu asome huku. Haiwezekani. Sheria ya mwaka 1995 inaruhusu sehemu kama hizi kukataa watoto ilimradi angalau asilimia 80 ya nyumba zinazokaliwa ziwe na mtu wa miaka 55 au zaidi, na Sun City mwenye chini ya miaka 19 ni mgeni tu, mwisho siku 90 kwa mwaka. Nikamtumia wifi ile karatasi ya masharti. Akajibu, "Kumbe mmenunua nyumba ya kufukuzia watoto." Mpaka leo salamu zake ni za kupitia kwa watu. Na kwenye grupu letu kuna mtu kaandika eti nimejipeleka mwenyewe nursing home, nyumba ya kutunzia wazee wasiojiweza, wengine wakaweka vikatuni vya kucheka. Watu ambao nimewachangia misiba!

Nami nimefanya kazi nursing home, tofauti naijua. Hapa hakuna nesi anayegonga mlango asubuhi, hakuna wa kukuogesha, na Medicare hailipii mtu wa kukuogesha na kukulisha miaka nenda rudi. Ni nyumba yako na shida zako.

Halafu joto. Usije kuangalia nyumba Januari, Januari hata jehanamu ya Phoenix ina maua. Njoo Julai. Mwaka 2023 Phoenix ziliunga siku 31 mfululizo za nyuzi 43 na kuendelea, na kaunti yetu ya Maricopa ilihesabu vifo 645 vya joto mwaka huo. Kwa hiyo kabla ya kusifia jiko panda juu ya paa, au mpandishe mkaguzi, asome kibandiko cha AC imetengenezwa mwaka gani. Yetu ilikuwa kongwe, tukakomaa, muuzaji akapunguza.

Na swali ambalo ndugu zangu hamtaki kuulizana, siku macho yakikataa usukani nani atakuendesha? Treni ya Phoenix haifiki huku. Dukani unaenda na kigari cha gofu barabarani na ni halali kabisa, ila ibada ya Kiswahili iko upande wa pili wa jiji. Msiniambie watoto. Wangu wako Dallas na Seattle, nawapenda, lakini mmoja kaniambia baba akianguka nimpigie. Sawa, nitampigia. Vyuma vya kushikia bafuni nimeshafunga, na kanisani tumeshapanga zamu za kubebana, anayekuja Jumapili hii ni mama mmoja Mkongo, saa mbili kamili, na amesema hasubiri mtu anayetafuta kiatu.