Maombi 43 bila jibu: wakili wa Mwanza anayetaka kuwa solisita Uingereza

SWALI

Habari za kazi, wakili msomi. Mimi ni wakili wa kujitegemea hapa Mwanza, nina miaka 30 na niliapishwa miaka mitatu iliyopita. Kazi zangu nyingi ni migogoro ya kazi kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) na ya viwanja kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba. Nataka kuwa solisita (wakili anayeshauri wateja na kuandaa kesi) Uingereza. Tangu mwaka jana nimetuma maombi 43 ya mkataba wa mafunzo kwenye ofisi za London na sijaitwa hata usaili mmoja. Ndugu yangu aliyeko huko anasema nianze na shahada ya uzamili ili nipate viza. Wakala mmoja wa Dar naye anasema nikimpa milioni 18 atanipatia barua ya udhamini wa kazi. Je, nirudie shahada ya sheria? Nianzie wapi? Na nikikwama, nitaweza kurudi kufanya kazi nyumbani?

Dada yako, Mwanza.

JIBU

Dada yangu, wakili msomi, nianze na huyo wakala, maana pesa ikishamfikia huipati tena. Usimpe hata mia. Cheti cha udhamini hutolewa na mwajiri mwenye leseni ya serikali ya Uingereza, kwa kazi iliyopo kweli, na hakiuzwi. Orodha ya waajiri wenye leseni iko wazi kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza. Mwombe jina la ofisi inayokuajiri, litafute pale, kisha waandikie wenyewe kwa anwani utakayoikuta kwenye tovuti yao, siyo atakayokupa yeye. Nadhani mazungumzo yenu yataishia kwenye kuuliza jina.

Sasa hayo maombi 43. Yamenisikitisha, kwa sababu ulikuwa unabisha hodi kwenye mlango usio wako. Mkataba wa mafunzo ni njia ya kijana ambaye bado hajawa wakili popote. Ofisi kubwa za London huajiri kwa njia hiyo miaka miwili kabla ya kazi kuanza, na nafasi nyingi huishia kwa wanafunzi waliowahi kukaa nao wiki mbili tatu za majaribio wakati wa likizo za chuo. Anayesoma maombi yako anaona mtu aliyekwisha kuapishwa na kusimama mbele ya hakimu, anaomba nafasi ya kufundishwa kutoa nakala. Hajui akuweke fungu gani, anapita.

Tangu Septemba 2021 njia ya kuingia ni SQE, mtihani wa kufuzu usolisita, unaosimamiwa na SRA, mamlaka inayodhibiti masolisita wa England na Wales. (Uskochi ina utaratibu wake, usichanganye.) Mtu anayeanzia sifuri anatakiwa awe na shahada yoyote au sifa inayolingana nayo, afaulu sehemu zake mbili, SQE1 na SQE2, afanye kazi za kisheria kwa miaka miwili chini ya uthibitisho wa solisita, na apite uchunguzi wa tabia na mwenendo. Wewe ni wakili kamili wa nchi nyingine, kwa hiyo ile miaka miwili ya kazi hudaiwi. Shahada hurudii. Mkataba wa mafunzo huuhitaji. Kinachobaki ni mitihani miwili, ule uchunguzi wa tabia, na barua kutoka nyumbani inayothibitisha kwamba uko kwenye orodha ya mawakili na huna shauri la nidhamu.

Shahada ya uzamili ni kitu kizuri kwa anayeitaka kwa ajili yake, lakini haikufanyi solisita wala haikupunguzii hata swali moja la mtihani. Nimewaona wengi waliotumia akiba yote kwenye ada ya chuo, viza ya baada ya masomo ikaisha, na SQE1 hawajaigusa. Ningekuwa wewe, ningebaki Mwanza na wateja wangu na kusoma usiku. SQE1 hufanyika kwenye vituo vya kompyuta katika nchi nyingi, Januari na Julai, na sehemu ya maandishi ya SQE2 hali kadhalika. Safari ya Uingereza ni lazima kwa ile sehemu ya mazungumzo ya SQE2 tu: kumhoji mteja na kutetea hoja mbele ya jaji. Upo msamaha wa SQE2 kwa mawakili wa nje, lakini wanaangalia, pamoja na mengine, kama una angalau miaka miwili ya kazi na kama ujuzi wako unalingana na wao. Una mitatu, kwa hiyo omba, ila weka ushahidi wa kazi zenyewe na siyo vyeti peke yake. Msamaha wa SQE1 kwa aliyesomea sheria yetu nisingeutegemea, na sababu ndiyo ninayotaka tukae nayo.

Sisi tuliosoma Tanzania tunaamini tunaijua sheria ya Kiingereza. Tumeisoma, tumeinukuu, tumewatajia mahakimu majina ya majaji wao waliokufa zamani. Lakini kumbuka sheria yetu wenyewe inasemaje: tulipokea kanuni za Kiingereza na sheria za matumizi ya jumla kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Miaka mitano tu baadaye, 1925, Waingereza wakaijenga upya sheria yao ya ardhi karibu yote. Hilo jengo jipya hatukulipokea. Ndani yake mna umiliki wa aina mbili tu unaotambuliwa kisheria: wa kudumu na wa upangaji wa muda maalumu. Wewe unatoka nchi iliyofuta umiliki wa kudumu mwaka 1963, ambako ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais na hati ndefu kabisa ni ya miaka 99. Uzoefu wako wa Baraza la Ardhi utakusaidia kuongea na mteja mwenye hasira. Kwenye maswali ya ardhi ya SQE1 utakupoteza.

Kwenye mikataba ni mbaya zaidi, kwa sababu inafanana. Mimi nilianguka SQE1 mara ya kwanza, na ninakumbuka jioni niliyoelewa kwa nini. Nilikuwa jikoni nafanya maswali ya mazoezi. Swali lilikuwa hivi, kwa maneno yangu: mtu amesafiri, dhoruba inang'oa paa la nyumba yake, jirani analitengeneza bila kuombwa. Mwenye nyumba anarudi, anafurahi, anaahidi kumlipa pauni 500. Baadaye anakataa. Je, jirani anaweza kudai?

Nikajibu anaweza, bila kufikiri. Kwetu ndivyo ilivyo. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Mikataba, tuliyorithi kutoka ile ya India ya 1872, kinaikubali ahadi ya kumlipa mtu aliyekwisha kukufanyia jambo kwa hiari yake. Kwa Waingereza jirani hapati kitu, kwa sababu kazi ilikwisha kufanyika kabla ya ahadi, na jambo lililopita halinunui ahadi. Nikarudi kwenye majibu yangu yote ya wiki ile nikiwa na kalamu nyekundu. Makosa mengi hayakutokana na nisichokijua. Yalitokana na ninachokijua vizuri sana, cha Kitanzania. Wenzetu wa Kenya wana nafuu hapo, kwa kuwa mikataba yao inafuata kanuni za Kiingereza, ingawa nao tarehe yao ya kupokea sheria ni ya zamani kuliko yetu, 12 Agosti 1897.

Kwa hiyo nakushauri ufungue daftari la safu mbili. Kushoto andika kwetu, kulia kwao. Ndoa hufuta wosia uliotangulia: kwao. Mtoto mwenye umri mdogo akiingia mkataba: kwetu ni batili tangu mwanzo, kwao kwa kawaida yeye hafungwi lakini mwenzake anafungwa. Endelea hivyo hadi mirathi, jinai, kodi, na hesabu za fedha za mteja. Hilo daftari lilinisaidia kuliko kozi niliyoilipia.

SQE1 ina maswali 360 ya kuchagua, majibu matano kila moja, siku mbili. Ukigawa muda, kila swali lina sekunde 102. Januari 2025 walifaulu asilimia 56 ya waliofanya, Julai mwaka huohuo asilimia 41. Unaruhusiwa kujaribu mara tatu ndani ya miaka sita, basi. Najua wewe umepita Law School, chuo chetu cha mafunzo ya uwakili kwa vitendo, na mwaka 2022 matokeo ya pale yalionyesha 26 waliofaulu moja kwa moja kati ya 633, kwa hiyo asilimia 41 haikutishi. Ila pale kulikuwa na sapu. Ada ya mitihani yote miwili ni karibu pauni 5,000, na hupanda mara kwa mara. Kwa shilingi zetu ni zaidi ya milioni 15. Unaona sasa kwamba pesa anayoitaka wakala inatosha kukufanyisha mitihani yote na chenji ikabaki.

Ukishafaulu SQE1 ndipo uanze kuandika maombi, na uandike upya kabisa. Umeniambatishia barua yako moja, na naomba radhi kwa nitakalosema. Inaanza kwa tafsiri ya "tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu", kisha unaomba kwa unyenyekevu ofisi yao tukufu ikufikirie, na aya ya tatu inasema una bidii, uaminifu na uwezo wa kufanya kazi chini ya shinikizo. Kwetu ni adabu. Kule msomaji amefika aya ya tatu na hajui umewahi kufanya nini. Ondoa pia picha, dini, tarehe ya kuzaliwa na hali ya ndoa. Hawaruhusiwi kukubagua kwa hayo, na wanapendelea wasiyaone.

Badala yake niambie lile shauri la CMA ulilolitaja pembeni, la wafanyakazi wa kiwanda cha samaki. Walikuwa wangapi? Nani aliandika hoja za mwisho, wewe au mkuu wako? Uligundua nini kwenye nyaraka ambacho upande wa pili hawakukiona? Andika hivyo, sentensi nne tano, kwa namna ambayo mtu asiyejua CMA ni nini ataelewa: chombo cha usuluhishi na uamuzi wa migogoro ya kazi, ambako mtu aliyeachishwa ana siku 30 tu za kulalamikia uachishwaji. Wakili aliyezoea siku 30 anajua kufanya kazi haraka, na huna haja ya kujisifu kwa neno hilo. Halafu eleza kwa nini ofisi ile na si nyingine. Kama sentensi yako inaweza kupelekwa kwa jirani yao bila kubadilisha neno, ifute.

Na usitume 43. Tuma sita, kwa ofisi zenye leseni ya udhamini na kazi inayokuhusu: ajira, usuluhishi wa kimataifa, wateja wa Afrika Mashariki. Usiitazame London peke yake. Birmingham, Leeds na Manchester zina ofisi nzuri na kodi ya nyumba ya kibinadamu. Jambo la kulijua mapema ni mshahara: tangu Julai 2025 viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi kwa kawaida inadai angalau pauni 41,700 kwa mwaka, au kiwango cha kazi husika kikiwa juu zaidi, ingawa kuna punguzo kwa wanaoanza. Ofisi ndogo za mtaani zitakazokupenda zaidi mara nyingi haziwezi kulipa hivyo. Hapo ndipo wengi wetu hukwama, tena baada ya kufaulu kila kitu, na sitaki uje ukalijue uwanja wa ndege wa Heathrow.

Ndiyo maana nasema usiufumbie macho upande wa Ghuba wala nyumbani kwenyewe. Abu Dhabi ina eneo la fedha, ADGM, linalotumia moja kwa moja common law ya Kiingereza, yaani sheria iliyojengwa na maamuzi ya majaji, na DIFC, eneo la fedha la Dubai, ina mahakama zinazoendesha kesi kwa Kiingereza kwa mfumo unaotokana nayo. Mikataba mingi ya mikopo kati ya benki za nje na kampuni za Dar au Nairobi huchagua sheria ya Kiingereza. Solisita anayekaa Masaki na kuisoma mikataba hiyo bila kumwandikia mtu London amuulize maana yake ana kazi.

Jambo dogo lakini la hatari: ukishafika kule, Watanzania wenzako watakuletea fomu za uhamiaji uwajazie, "si wewe ni wakili?" Kataa. Kumshauri mtu masuala ya uhamiaji kama kazi bila kuidhinishwa ni kosa la jinai kule, hata kama hukutoza senti, na kosa hilo linaweza kukuangusha kwenye uchunguzi wa tabia. Mpe maji ya kunywa, umwelekeze kwa aliyesajiliwa.

Kuhusu kurudi: uwakili wako wa Tanzania haufutiki kwa sababu umeandikishwa kwingine. Unachoweza kuupoteza ni uhai wa cheti chako cha mwaka. Kihuishe kila mwaka kabla hakijapitwa, lipa ada zako za TLS, chama cha mawakili wa Tanzania Bara, hudhuria mafunzo yao, na risiti zote uziweke kwenye faili moja. SRA wanaweza kuzitaka, na siku ukirudi Mwanza msajili naye anaweza kuzitaka.

Ile barua ya samaki, ikishaandikwa, nitumie. Kurasa mbili, bila picha.