Kipeperushi cha vita huwa na wasomaji wawili

Ukiwa mgeni katika kazi ya kuorodhesha vipeperushi vya vita, usikimbilie picha na maneno makubwa. Anza na ukingo wa karatasi. Mara nyingi namba ya msimbo huchapwa huko kwa herufi ndogo, na ndiyo inayotenganisha matoleo yanayofanana. Kwenye hati ya kupita salama, yaani kipeperushi cha kuonyesha unapojisalimisha, waliyorushiwa askari wa Ujerumani mwaka 1944, mojawapo ya namba hizo ni ZG 61.

Hati hiyo isome polepole, kwani ndiyo darasa lenyewe. Ina nembo za Marekani na Uingereza, saini ya Eisenhower, jenerali Mmarekani aliyeongoza majeshi ya washirika, na nakshi kama za noti. Haimtukani askari. Kijerumani ni chake. Kiingereza ni cha mlinzi wa upande wa pili, kinachomwagiza ampokonye silaha mwenye hati, amtunze, ampe chakula na matibabu, amwondoe eneo la hatari. Kwa hiyo kwenye fomu usiandike tu "lugha mbili". Andika kila lugha inamwambia nani na inamwambia nini. Kwa askari wa Japani, "ninasalimu amri" ilikuwa aibu isiyobebeka, ndiyo maana Wamarekani wakaibadili ikawa "ninaacha kupigana". Ukitafsiri zote mbili kuwa "kujisalimisha", umefuta jambo kubwa kuliko yote.

Usidhani kila kilichochapwa kilifika. Vikimwagwa kutoka juu sana, upepo huvipeleka mbali na mahandaki. Bomu la Monroe, chombo cha Wamarekani cha kudondoshea vipeperushi kutoka ndegeni, lilibeba vipeperushi 80,000 na kufunguka takriban mita 300 hadi 600 juu ya ardhi ili visitawanyike ovyo.

Nakala za bandia zipo. Mulika kwa taa ya kukagulia noti: karatasi ikiwaka weupe wa buluu, ina king'arisha, kemikali ya kuipa karatasi weupe, kilichoenea viwandani baada ya vita, basi itilie shaka.

Hapa Arusha na Moshi, adui ni masika. Karatasi nyingi za wakati ule zina asidi. Hugeuka njano na kukatika kwenye mkunjo, na unyevu huleta ukungu. Usibandike selotepu wala usizilaminishe, maana gundi ile haitoki tena bila kuondoka na wino. Tumia bahasha isiyo na asidi, kipeperushi kimoja kwa bahasha, na uiandike kwa penseli kabla ya kukitia ndani. Sanduku lisiguse sakafu wala ukuta wa nje.

Mkunjo wa zamani usiunyooshe kwa pasi. Pima, piga picha, uandike kwenye fomu: karatasi iliyokunjwa mara mbili hadi kutosha mfukoni huenda iliokotwa na mtu akaificha.