Usimimine mrututu kwenye tangi la maji chumvi, toa samaki kwanza

Mkuu, huo mrututu, yaani salfeti ya shaba, usiumimine. Umesema uko Mwanga, Kigoma, klaunifishi wako wawili (wale samaki wadogo wa baharini wenye mistari) waliozalishwa kwenye matangi wamefika kutoka Dar, ngozi imetanda ute mweupe, muuzaji kakuelekeza mrututu, na unauliza pia taa na chakula. Shika hili la dawa kwanza.

Mimi nikiwa Ujiji niliambiwa maneno hayo hayo: "Samaki wa kuzalishwa hana magonjwa ya baharini, akibadilika ngozi tia mrututu kidogo." Nikatia kwenye tangi kubwa. Kabla hakujakucha kamba wote wamekufa, konokono wakafuata, anemoni, yule kiumbe laini wa baharini mwenye minyiri, ikasinyaa na kuozea humo humo. Viumbe hao hawahimili shaba hata kwa kiwango ambacho samaki anakivumilia. Kubadilisha maji hakukuokoa kitu, kwa sababu shaba hunasa kwenye mawe na mchanga wa matumbawe, kisha huachia kidogo kidogo. Mawe niliyoyasafirisha kwa treni kutoka Dar, kwa pesa nyingi, hayafai tena kuwekwa na kamba wala konokono. Nampigia muuzaji, ananijibu eti konokono walichoka na safari. Walikuwa wamekaa kwangu miezi! Mtu anauza kiumbe hai na hajui dawa anayokuelekeza inaua nini. Linanikera mpaka leo.

Na samaki wenyewe hawakupona, maana ule haukuwa ugonjwa wa madoa. Madoa, yaani Cryptocaryon, huonekana punje punje kama chumvi. Hapo shaba husaidia, lakini kwenye tangi la pembeni na kwa kipimo. Ute mzito, ngozi kuchubuka, samaki kutweta juu ya maji, kwa klaunifishi mara nyingi ni Brooklynella, na shaba haiiwezi. Kijidudu hicho hugawanyika hapo hapo kwenye ngozi na matamvua, ndiyo maana huua ndani ya siku chache. Kuzalishwa tangini si kinga: akichangia maji dukani na samaki waliovuliwa baharini, anaambukizwa.

Leo hii tafuta beseni la plastiki, maji chumvi mapya yenye joto lile lile, pampu ya hewa na kipande cha bomba wajifiche, uwahamishe wote wawili. Dawa yake ni fomalini, ile kemikali ya kuhifadhia maiti, nayo ni sumu hata kwako: vaa glavu, fungua madirisha, kipimo akupe daktari wa mifugo, na pampu isizimwe kwa sababu fomalini hupunguza oksijeni. Kuwachovya dakika chache kwenye maji yasiyo na chumvi huwapa nafuu ya muda tu. Ukichota ya ziwani, pima pH (kiwango cha asidi au alkali) kwanza, maana hailingani na ya bahari. Tanganyika iko karibu 9, bahari ni 8.2 hivi.

Na kila samaki mpya, hata muuzaji aape kwamba kazalishwa, akae wiki 4 pembeni kabla ya kuingia tangi kubwa. Ukishawahamisha, wapige picha ya ubavuni kwenye mwanga uitume hapa, tuone ngozi imeliwa kiasi gani.