Vitabu vya ruzuku, vya kuchekesha na vya kulea: majibu yenu

*Nimepata kitabu cha kuandika maandiko ya kuomba fedha za utafiti, cha mtumba, hapa Arusha mjini. Kitanifaa? – Mwanafunzi wa uzamili, Tengeru*

Umeangalia mwaka? Kila mara nauliza hivyo, na kila mara naletewa picha ya jalada. Kama ni cha Marekani na kilichapwa kabla ya 2010, mlango wa kurasa na fomu uruke. Taasisi za afya za huko, NIH, zilikuwa zikipokea kurasa 25 za mpango wa utafiti kwa R01, ruzuku yao ya miradi ya utafiti. Tangu Januari 2010 ni 12, na andiko likizidi linaweza kurudishwa bila kusomwa. Mlango wa bajeti na malengo bado unafaa. Ila kitabu cha kule hakitakukumbusha kwamba mshirika wako mgeni anahitaji kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), wala kwamba utafiti wa afya una idhini ya maadili ya kusubiriwa kutoka NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Nimeona ratiba nyingi zilizopangwa kana kwamba vibali hutoka siku ya pili. Halafu soma tangazo la mfadhili lote, hadi mstari wa mwisho. Wengi mnanunua kitabu ili msilisome.

*Naomba PDF ya hicho kitabu. – Wengi*

Hapana. Sheria ya Hakimiliki ni ya 1999, si ya jana. Maktaba ya mkoa ipo Arusha, na Moshi ipo.

*Mwanangu wa darasa la pili nikimuuliza shule ilikuwaje anasema "sijui". Kitabu gani kitamfungua mdomo? – Mama, Majengo, Moshi*

Wamarekani Adele Faber na Elaine Mazlish waliandika mwaka 1980 kitabu mashuhuri juu ya kuzungumza na watoto; ukikipata, soma. Kiini chake ni kwamba mtoto akija na hasira, itaje hiyo hasira kwanza, ushauri baadaye. "Mwalimu kakuaibisha mbele ya wenzako, eeh?" Kisha nyamaza. Sisi tunakimbilia "ulifanya nini wewe?", na hapo mazungumzo yamekwisha. Mifano yao ni ya nyumba yenye mzazi na watoto wawili. Kwako yupo bibi, shangazi na binti wa kazi, na pengine mtoto ameshamweleza bibi kila kitu. Muulize bibi, ila usimwumbue mtoto kwa alichosema huko.

*Wangu ana miaka miwili na nusu, haunganishi hata maneno mawili. Nisome nini? – Baba, Usa River*

Usisome. Mpeleke akapimwe masikio wiki hii. Na wanaokwambia "wavulana huchelewa" hawajampima.

*Nataka kuandika kitabu cha vichekesho vya familia yetu. Mke wangu ni Mpare, mimi Mchaga. – Mzee, Kibosho*

Mali unayo tayari. Utani wa Mchaga na Mpare hauhitaji kuazima vichekesho vya Wamarekani kuhusu mashine za kufulia. Andika ubahili unaomsingizia mkeo, kisha mpe naye sura nzima akujibu kuhusu mapenzi yako ya pesa. Asipojibu, huo si utani tena. Watoto nao wape rasimu waisome kabla ya mchapaji. Kisa cha kijana wako kukojoa kitandani kitasomwa na wakwe zake, na hakuna aliyemwomba ruhusa.